Ndovu Niliyemsingizia

Kwanza hongereni. Juzi nilikuwa nimekaa kwenye kibanda cha chai pale stendi ya Voi, nikawasikia nyinyi madereva wa siku hizi mkishindana. Mmoja alisema ametoka Malaba mpaka hapa bila kufunga jicho. Mwingine akasema hicho ni kitu kidogo, yeye ana siku mbili hajalala na bado ataenda Mombasa arudi kabla ya jua kuzama. Mkapigiana makofi. Nilitaka kusimama niwape medali, lakini goti linanisumbua, na pia nilikuwa nahesabu kimoyomoyo ni wangapi kati yenu nitakula wali kwenye matanga yao.

Mimi ni Mwadime, na wanaonijua huniita Baba Mshai. Nimeendesha basi la kukodi hapa Voi kwa zaidi ya miaka thelathini, na sasa nimestaafu, maana yake nalala mchana na hakuna wa kuniuliza. Basi la kukodi halina ratiba. Tulibeba harusi, tulibeba kwaya, tulibeba wanafunzi wa kwenda kutazama simba ambao hawakujitokeza, na zaidi ya yote tulibeba matanga. Treni mpya ilipokuja ikachukua abiria wa Mombasa, lakini waombolezaji ikatuachia sisi, kwa sababu bado haijajifunza kupanda milima ya Taita.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mzee wa Ronge, mzee Kituri. Alikuwa mtu mfupi, mpole, na alikuwa na tabia moja iliyonitia aibu kuliko kitu chochote. Nyuma ya kiti chake aliweka mkeka. Tukifika popote, harusini au kanisani, yeye alizunguka basi akikagua magurudumu, kisha akautandika mkeka chini ya basi na kulala. Hakungoja kusalimiwa wala hakungoja chakula. Kuna harusi moja huko Mbololo ambapo mjomba wa bwana harusi alikuja kumwita dereva ajumuike na wageni mezani, akakuta miguu miwili inachungulia karibu na tairi la nyuma. Mjomba alikasirika, akasema huyu mtu hana heshima. Mzee Kituri, bila kufungua macho, akamwomba ampelekee bibi harusi salamu na amwambie kwamba zawadi yake ni kuwarudisha wageni wote makwao wakiwa na vichwa.

Na hata njiani alikuwa hivyo hivyo. Mnajua ile barabara ya kutoka Mombasa ikishapita Maungu, pande za ranchi ya Ndara, ilivyonyooka kama imepigwa rula. Mzee Kituri alikuwa akiona kope zimekuwa nzito hapo, anaweka gari kando na kuwatangazia abiria hamsini kwamba analala dakika ishirini, anayetaka kujisaidia ajisaidie na anayetaka kulalamika alalamike polepole. Siku moja bwana mmoja mwenye suti akamwambia wanachelewa mkutano.

"Mnataka kufika au mnataka kuwahi?" mzee akamuuliza.

Bwana yule akajibu kwamba wanataka yote mawili. Mzee akamwambia leo achague moja, akavuta kofia usoni na kulala.

Kabla ya kulala alikunywa kikombe cha kahawa nyeusi. Mimi, kwa elimu yangu kubwa ya darasa la nane, nilimcheka. Nani anakunywa kahawa ili alale? Akanieleza kwamba kahawa inachukua muda kuingia mwilini, kwa hiyo unainywa, unalala kidogo, na ukiamka unaikuta imefika inakungoja. Miaka mingi baadaye nilimsikia daktari redioni akisema maneno hayo hayo kwa lugha ndefu, lakini wakati huo mzee Kituri alikuwa ameshazikwa na mimi nilikuwa nimeshayafanya makosa yangu yote.

Mzee alipostaafu, tajiri wetu, mwenye mabasi, alinikabidhi basi. Kitu cha kwanza nilichofanya, kwa sababu nilikuwa dereva wa kisasa, ni kuutupa ule mkeka.

Nikaanza kutumia njia za kisayansi. Nilifungua dirisha upepo unipige usoni, na nikagundua kwamba mtu anaweza kusinzia vizuri sana kwenye upepo. Nilifungulia redio mpaka mwisho, na usingizi ukaja na kucheza muziki pamoja nami. Niliimba nyimbo za kanisani kwa sauti kubwa mpaka kwaya niliyoibeba ikaniomba ninyamaze. Nilitafuna muguka, yale majani ya jamii ya miraa, na hiyo nawaambia kwa uzoefu: muguka unayashika macho yakakaa wazi, lakini aliye nyuma ya macho ameshaenda zake. Siku moja nilitafuna pilipili mbichi, kisha nikajisahau nikajifuta jicho kwa mkono ule ule. Kutoka Mwatate mpaka Voi niliendesha kwa jicho moja nikilia machozi, na abiria waliokuwa wakitoka mazishini wakasema dereva huyu ana huruma sana, hata marehemu hamjui.

Ya pilipili huwa nayasimulia watu wacheke. Hii nyingine sikuisimulia kwa muda mrefu. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali, pale pale Ndara. Nilikuwa nimekosa usingizi usiku mbili mfululizo. Nikaona kundi la ng'ombe linavuka barabara, nikapunguza mwendo, nikasimama ili wapite. Nikangoja. Baadaye kidogo mwalimu mmoja aliyekaa mbele, mwanamke mstaarabu, akaniuliza kwa sauti ya chini tunangoja nini.

"Ng'ombe wamalize kupita," nikamjibu.

Mwalimu akatazama mbele, akanitazama mimi, akatazama mbele tena. Barabara ilikuwa tupu kutoka hapo mpaka Maungu. Alifunga mkanda wake, kisha nikamsikia akianza kusali. Mtu mwenye akili angeweka gari kando siku hiyo. Mimi niliweka gia na kuendelea, na jioni nikajisifu kwamba nimefika.

Nyinyi mnafikiri usingizi unakuja kwa adabu, unabisha hodi, mnaukatalia mlangoni. Sivyo. Kwanza unakuibia kumbukumbu: unafika Mwatate na hukumbuki kupita ile shule ya njiani. Kisha mguu wa mafuta unakuwa mzito, mara gari linakimbia, mara linatambaa, na wewe unadhani ni injini. Kisha unapiga miayo, ya kwanza, ya pili, na ya tatu inakutoa machozi. Baada ya hapo unalala sekunde tatu, nne, macho yakiwa wazi, na ukirudi hujui kwamba uliondoka. Kwa mwendo wa themanini, sekunde nne ni karibu uwanja mzima wa mpira. Umeuvuka uwanja wote na basi zima la watu, na hakuna aliyeshika usukani. Na kona haziui sana kama mnavyodhani. Kwenye kona za kupanda Wundanyi hata mlevi yuko macho, kwa sababu anaogopa. Panapoua ni kwenye nyoofu, mchana, tumbo likiwa limejaa.

Haya yote niliyajua, na ndiyo maana nawaomba msinisifu.

Sasa nifike kwenye habari yenyewe. Kaka yake mama mkwe wangu alifariki, huko Ronge. Mama mkwe wangu ni Mama Mghoi, wa Mbololo, mjane, mwanamke aliyelima matuta yake mwenyewe mlimani mpaka akiwa na zaidi ya miaka sabini. Alikuwa akishuka na ndizi kichwani na kupanda na mbolea, na vijana walimpisha njia kwa sababu alikuwa na haraka kuliko wao. Mimi nilimheshimu sana, kwa mbali, kama ilivyo desturi. Nyinyi siku hizi mnapiga picha mmemkumbatia mama mkwe. Kwa kizazi chake, mama mkwe hamgusi mkwe. Hali naye meza moja, hamtazami machoni, na wakikutana njiani anapita kando akijifunika leso. Miaka yote tangu nilipomwoa binti yake, mkono wa yule mama na wangu haukuwahi kukutana hata kwa salamu.

Na mkwe naye ana kazi zake. Kwenye matanga ya upande wa mke, mkwe hapumziki. Anapasua kuni, anafunga hema, anabeba viti, anachinja, na usiku watu wakikesha yeye ndiye anayetakiwa kuonekana macho kuliko wote. Mkwe akisinzia, kesho yake jina lake linapikwa pamoja na chai. Mimi nilikuwa mkwe na nilikuwa dereva, na tajiri alikuwa ametupatia basi. Nilikesha usiku tatu. Mke wangu, Wakesho, aliniambia nikalale hata kwa muda wa saa mbili kwenye basi, yeye atawaambia watu nimetumwa. Nikamjibu kwamba sitaki kuitwa mvivu kwa wakwe zangu.

Mazishi yakaisha mchana. Tukala wali na nyama, nami nikaongeza, kwa sababu nilikuwa nimepasua kuni za kutosha kujipa ruhusa. Saa tisa hivi tukaondoka. Wazee waliketishwa viti vya mbele, na mama mkwe, kwa ajili ya magoti, akapewa kiti cha nyuma yangu kabisa. Alikataa mara mbili, wakamlazimisha, akajifunika leso na kukaa. Tukashuka zile kona za Ronge salama salimini. Nilikata kila kona vizuri, na nilijisikia dereva hodari sana. Tukapita Mwatate, tukaingia ile nyoofu ya kwenda Voi. Jua lilikuwa mgongoni, basi zima likawa kimya, watu wameshiba na wamelia vya kutosha.

Kitu nilichokumbuka baada ya hapo ni matawi kwenye kioo.

Basi lilikuwa limetoka upande wa kulia wa barabara, likakata vichaka, likateremka kwenye mtaro wa maji na kuegemea kingo. Halikupinduka. Ashukuriwe Mungu, na ashukuriwe yule aliyechimba ule mtaro vibaya, maana ungekuwa na kina kinachotakiwa tusingekuwa tunaongea. Watu walipiga kelele, kisha wakaanza kuitana majina. Wengi walikuwa na michubuko na vipaji vya uso vimevimba. Mtu mmoja tu ndiye aliyeumia sana, mama mkwe wangu. Alikuwa amerushwa kwenye njia ya katikati, na paja lake lilikuwa limevunjika karibu na nyonga. Watu walishangaa. Wenzake wote wa viti vile walibaki vitini, yeye alirukaje?

Nami nilikuwa bado nimeshika usukani. Bwana mmoja wa ukoo akanishika bega, akaniuliza kama ni ndovu.

Sikilizeni vizuri hapa. Mimi sikutunga uongo. Niliuziwa, nikaununua. Sehemu ile ndovu huvuka kweli, kila mtu anajua, wanatoka mbugani kwenda kutafuta maji na mashamba ya watu. Kwa hiyo yule bwana alikuwa ameshanifanyia kazi yote, mimi nilichotakiwa ni kutikisa kichwa. Nikatikisa. Ndani ya dakika moja basi zima lilikuwa limemwona. Mama mmoja wa kiti cha nyuma alisema alikuwa na mtoto wake pembeni. Mzee mwingine akasema alikuwa na pembe moja. Kijana fulani akatuma kwenye WhatsApp picha ya ndovu mkubwa amesimama kwenye majani mabichi ambayo Taita hatujayaona tangu tuzaliwe, akaandika: "Ndovu nusra atumalize leo, lakini dere ni noma, ametuokoa." Mpaka tunafika hospitali, mimi nilikuwa shujaa.

Watu wa wanyamapori walikuja kesho yake kukagua. Walinichukua tukarudi pale. Wakatafuta kinyesi, wakatafuta nyayo, wakapata za mbuzi. Afisa mmoja, kijana mtaratibu, alitazama alama za magurudumu yangu zilivyotoka barabarani polepole, bila breki, bila kukata kona, zimenyooka tu. Akanitazama kwa muda.

"Ndovu wenu siku hizi wanatembea bila kukanyaga, mzee," akasema.

Akafunga daftari lake. Hakuandika kitu ambacho niliona. Nadhani alinihurumia, na huruma yake ilinichoma kuliko kama angenifunga pingu.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa ndefu na ilipambwa maua. Kanisani kukafanyika ibada ya shukrani. Mchungaji alimhubiri yule ndovu kwa nusu saa, akamfananisha na shetani, na mimi nikafananishwa na malaika mlinzi. Kisha kina mama wakanizawadia blanketi. Nawaambia ukweli wa Mungu, kati ya zawadi zote duniani, walinunua blanketi zito la rangi ya buluu, wakanifunika nalo mbele ya kanisa, wakapiga vigelegele. Mama mkwe aliletwa kwenye kiti cha magurudumu. Nilimtupia jicho mara moja. Alikuwa ametazama chini, leso imeshuka mpaka kwenye nyusi, na hakupiga vigelegele.

Hospitali walimfunga chuma nyongani. Akaweza kusimama, akaweza kutembea na fimbo uwanjani kwake, lakini mlimani hakupanda tena. Matuta yake yakaota magugu. Mke wangu alipokuwa akitoka kumtembelea, alinisimulia jinsi mama anavyokaa mlangoni akitazama shamba lake juu kule, anataja mgomba mmoja mmoja kama mtu anayeulizia watoto. Mimi nilikuwa nakula, nikaacha. Mnaijua ile methali ya asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mlifundishwa shuleni mkaikariri. Ina kasoro moja ambayo hakuna mwalimu aliyewaambia: guu linalovunjika si lazima liwe la yule asiyesikia. Langu lilikuwa zima kabisa, nililitumia kukanyaga mafuta kila siku.

Nilikuwa na haya. Sisemi kwa mafumbo. Nilikuwa na haya nikiamka na nikilala, na lile blanketi sikuwahi kujifunika. Miezi minane nilijiambia kwamba kusema hakutamrudishia mama nyonga yake. Kisha nikajiuliza kunyamaza kumemrudishia nini.

Nikaenda Mbololo asubuhi moja, peke yangu. Nilikaa kwenye kigoda nje ya nyumba, yeye akakaa ndani nyuma ya mlango uliofunguliwa nusu, kila mmoja akitazama upande wake, kama inavyotakiwa. Tukasalimiana. Tukazungumza mvua. Tukaimaliza mvua yote, hata ya mwaka uliopita. Kisha nikasema.

"Mama, siku ile hapakuwa na ndovu."

Nilisikia fimbo ikisogea kwenye sakafu.

"Najua, Baba Mshai," akasema.

Nilidhani ni yule afisa aliyemwambia, au Wakesho amekisia. Akaniambia hakuambiwa na mtu.

"Nilikuwa nyuma yako. Niliona kichwa kikishuka, kikainuka. Kikashuka tena. Nikasimama nikuguse bega. Mkono ulikuwa umefika hapa." Sikumwona akionyesha, lakini nilijua ni wapi. "Nikakumbuka wewe ni mkwe wangu. Na watu wamejaa. Nikasema, nitamshikaje mkwe wangu mbele za watu? Nikaurudisha mkono. Nikiwa bado nimesimama, gari likaondoka."

Ndiyo maana alirushwa yeye peke yake. Wenzake walikuwa wamekaa, wamelala. Yeye alikuwa amesimama nyuma yangu akinionea aibu.

Nikamuuliza kwa nini hakusema miezi yote hiyo, akanyamaza watu wakinivisha blanketi. Akaniambia kwamba angesema aliona, watu wangemuuliza, kama uliona mbona hukumwamsha? Basi zima la watoto wa ndugu zake, na yeye amenyamaza kwa sababu ya leso. Alijiona ni yeye aliyewaangusha. Miezi minane yule mama alikuwa amekaa mlangoni na nyonga ya chuma, akijilaumu kwa kosa langu mimi.

Nililia. Mkwe halii kwa mama mkwe wake, hiyo nayo ni desturi, lakini siku hiyo nilizivunja zote. Nikamwambia kosa ni langu, tangu nilipokataa kulala mpaka nilipotikisa kichwa, na yeye hana hata punje. Akasema tugawane. Nikakataa. Tukabishana kwa adabu, kila mmoja akitazama upande wake, mpaka jirani akaja kuomba chumvi.

Baada ya hapo nilimwambia tajiri. Aliniweka nje ya basi miezi sita, na alikuwa na haki. Kisha nikasimama kanisani, nikasema sentensi moja: ndugu zangu, yule ndovu alikuwa mimi, nilisinzia. Yule mama wa kiti cha nyuma, aliyemwona ndovu na mtoto wake, akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba na hajakipata mpaka leo. Mzee wa kanisa mmoja aliuliza taratibu kama blanketi litarudishwa. Nililirudisha. Wakampa mlinzi wa kanisa, ambaye kazi yake ni kukesha, na nasikia analitumia vizuri.

Wapo walioacha kunisalimu. Bwana yule wa ukoo aliyeniuzia ndovu alikasirika kuliko wote, akasema nimemdhalilisha. Na wapo wakwe waliosema heri ningenyamaza, kwamba jambo limeshapita. Labda. Lakini mwaka uliofuata, kwenye matanga mengine huko huko Ronge, nilikwenda kwa mzee wa ukoo mapema, nikamwambia mbele ya watu kwamba usiku huu dereva analala, na kuni wapasue wengine. Kukawa na minong'ono. Nikatandika mkeka mpya chini ya basi, nikalala miguu ikichungulia nje. Asubuhi nilisikia jina langu likipikwa na chai kweli, na nikainywa hiyo chai, ilikuwa tamu.

Nyinyi mtaniambia siku hizi kuna magari yanayopiga kengele dereva akifumba macho. Vizuri. Yenu yanapiga? Yale ya mkopo yaliyotoka nje yakiwa yametumika, mliyoyafunga vioo vyeusi na spika sita? Basi kabla hamjanunua hiyo kengele, waambieni abiria wenu, wake zenu na mama wakwe zenu, kwamba wana ruhusa ya kuwapiga. Mimi niliwaambia wangu kila safari kabla ya kuwasha injini: ukiona kichwa changu kinashuka, nipige, usiniulize mimi ni nani kwako.

Safari yangu ya kwanza baada ya kurudishiwa basi ilikuwa kubeba kina mama wa kanisa wa Mbololo, kwenda mkutano wao Mwatate na kurudi. Usiku uliotangulia nililala kwa muda wa saa nane nzima, na mchana wakiwa mkutanoni nikalala tena chini ya basi. Saa tisa walipotoka, mama mkwe wangu alipanda akiegemea fimbo. Wakampa kiti cha katikati, penye nafasi ya kunyoosha mguu. Akakikataa. Alikuja mpaka mbele, akamwondoa mama mwingine, akakaa nyuma yangu.

Tukaingia ile nyoofu. Jua mgongoni, basi kimya. Nilikuwa macho kama mchana wenyewe. Kidogo nikahisi kitu kigumu kinanigonga begani. Ilikuwa ncha ya fimbo. Nikadhani imeteleza. Baada ya kitambo ikagonga tena.

"Mama, silali," nikasema.

"Najua," akasema. "Endesha."

Akanigonga hivyo mpaka Voi.